Mwenye biashara asiye na mwajiriwa naye apewe taarifa za pensheni yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa watu wengi wa Unguja na Pemba ingawa halisemwi sana, nalo ni taarifa anazostahiki kupewa mtu anayejiwekea pensheni kutokana na biashara ambayo yeye ndiye mwenyewe, yeye ndiye mfanyakazi, na hana mtu mwingine aliyemwajiri. Kazi yangu ni kutunza hesabu za wafanyabiashara wadogo hapa Chake Chake, na katika mazungumzo ya hivi karibuni kuhusu uchangiaji wa hiari nimesikia hoja inayotolewa kwa kujiamini na watu wenye elimu, kwamba mtu wa aina hiyo hana haja ya kupelekewa barua wala ilani, kwa sababu nchi zilizotutangulia katika mambo ya pensheni, na Marekani ndiyo inayotajwa zaidi, zimemwondoa katika orodha ya watu wanaopaswa kuarifiwa. Kinachosemwa kuhusu Marekani kina ukweli. Hitimisho linalotolewa kwa ajili yetu ndilo lisilo sahihi, na likikubaliwa litawaumiza watu ambao tayari wana wa kuwatetea wachache.

Nianze na hiyo Marekani. Sheria kuu ya pensheni za sekta binafsi ya nchi hiyo, inayojulikana kwa ufupisho wa ERISA, ilitiwa saini na Rais Gerald Ford tarehe 2 Septemba 1974, na miongoni mwa mambo yaliyoisukuma ni mkasa wa kiwanda cha magari cha Studebaker katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana. Kiwanda hicho kilipofungwa mwishoni mwa 1963, ilibainika kuwa mfuko wa pensheni ya wafanyakazi haukuwa na fedha za kutimiza ahadi zake. Waliokwisha kufikia umri wa miaka 60 walilipwa haki yao kamili, waliokuwa kati ya miaka 40 na 59 na waliokwisha kutumikia muda wa kutosha walipata kama asilimia 15 tu ya thamani ya walichokuwa wakikitegemea, na wenzao wadogo zaidi hawakupata kitu. Watu hao walikuwa wamefanya kazi miaka mingi wakiamini kuwa mambo yako sawa, na hawakuwa na njia ya kujua vinginevyo mpaka siku waliyoambiwa kuwa kiwanda kinafungwa.

Ndiyo maana sheria ya 1974, pamoja na marekebisho yaliyofuata, imejaa wajibu wa kutoa taarifa. Mfanyakazi anayeingia katika mpango wa pensheni hupewa ndani ya siku 90 maelezo ya mpango wake yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mtu wa kawaida anaifahamu. Mpango ukibadilishwa kwa jambo la maana, muhtasari wa badiliko hilo hutakiwa kumfikia ndani ya siku 210 baada ya kumalizika mwaka wa mpango ambao badiliko lilipitishwa. Kama ni mpango ambao mfanyakazi mwenyewe anachagua akiba yake iwekezwe wapi, hupewa taarifa ya hesabu yake kila robo mwaka. Iliyo nzito kuliko zote hizo ni ilani ya kupunguza pensheni itakayojengeka mbele: mwajiri akitaka kushusha kwa kiasi kikubwa kiwango ambacho pensheni ya mfanyakazi huongezeka kwa kila mwaka wa kazi, lazima amwarifu kwa maandishi kabla badiliko halijaanza kutumika, kwa kawaida siku 45 kabla, au siku 15 ikiwa mpango una washiriki wasiofika 100.

Sasa tuje kwa mwenye biashara aliye peke yake. Kanuni za Wizara ya Kazi ya Marekani zinaeleza kuwa mpango usiokuwa na mwajiriwa hata mmoja ndani yake hauhesabiwi kuwa mpango wa wafanyakazi kwa madhumuni ya sehemu ile ya sheria inayohusu ulinzi na taarifa. Mtu anayemiliki biashara yote, yeye peke yake au yeye na mkewe au mumewe, hahesabiwi kuwa mwajiriwa wa biashara hiyo, na hali ni hiyo hiyo kwa washirika wa biashara ya ubia na wenza wao. Kwa hiyo maelezo ya siku 90, muhtasari wa siku 210 na hesabu za kila robo mwaka vyote vinamwondokea. Sababu yake haina utata: mtu huyu ndiye aliyeuandika mpango, ndiye anayeweza kuubadilisha, ndiye anayeshika fedha, ndiye anayeamua ziwekezwe wapi, na ndiye atakayezila akizeeka. Kumlazimisha ajiandikie barua ya kujiarifu uamuzi alioufanya mwenyewe asubuhi ile ile ni kumpotezea muda na karatasi.

Wanaoishia hapo, Ndugu Mhariri, wameacha sehemu kubwa ya habari. Mwenye biashara huyo hakuachiwa anyamaze kabisa. Mali za mpango wake zikizidi dola 250,000 mwishoni mwa mwaka, anatakiwa kuwasilisha kwa mamlaka ya mapato ya nchi hiyo fomu inayoitwa 5500-EZ, na kwa mwaka wa hesabu unaokwenda na mwaka wa kalenda tarehe ya mwisho ni 31 Julai. Akiufunga mpango, fomu ya mwaka wa mwisho inatakiwa hata kama kilichobakia ni kidogo. Asipowasilisha, sheria iliyopitishwa mwaka 2019 imeweka adhabu ya dola 250 kwa kila siku ya kuchelewa, mpaka dola 150,000 kwa fomu moja. Upo utaratibu wa msamaha ambao aliyechelewa hulipa dola 500 kwa fomu, na jumla isiyozidi dola 1,500 kwa mpango mmoja, na naona ni utaratibu wa busara, kwa sababu watu wengi wanaofanya kazi peke yao huchelewa kwa kutojua kwamba mali za mpango wao zimevuka kiwango hicho. La muhimu kwetu ni kwamba hata pale ambapo hakuna wa kuarifiwa ndani ya biashara, Serikali bado inataka kujua akiba ipo, ni kiasi gani, na imekwisha lini.

Halafu yupo mke au mume. Tangu mwaka 1984 sheria ya Marekani imemlinda mwenza wa ndoa katika mipango inayolipa pensheni ya maisha, na ulinzi huo umo pia katika sheria ya kodi ambayo mwenye biashara aliye peke yake hakuondolewa. Kabla ya malipo kuanza, katika kipindi cha kati ya siku 30 na siku 180, lazima yatolewe maelezo ya maandishi kuhusu pensheni itakayoendelea kulipwa kwa mjane au mgane, na mwenye pensheni akitaka kuchagua malipo ya aina nyingine yanayomwacha mwenza wake bila kitu, mwenza huyo sharti akubali kwa sahihi iliyoshuhudiwa na mtu mwenye mamlaka ya kuithibitisha. Msamaha wa taarifa, kwa hiyo, una mipaka yake, na mpaka wake unaanzia pale anapojitokeza mtu wa pili mwenye haki ndani ya akiba ile.

Msamaha huo unaisha kabisa anapoajiriwa mtu wa kwanza. Mfanyakazi aliyetimiza miaka 21 na aliyefanya kazi saa 1,000 katika mwaka kwa kawaida hawezi kuzuiwa kuingia katika mpango, na siku anapoingia, mpango ule unabadilika na kuwa mpango wa wafanyakazi, na taarifa zote nilizozitaja zinaanza kudaiwa. Uingereza nao wana mtazamo unaofanana na huo katika utaratibu wao wa kuwaandikisha wafanyakazi katika pensheni, ulioanza mwaka 2012: kampuni ambayo ina mkurugenzi mmoja tu na haina mfanyakazi mwingine haihesabiwi kuwa mwajiri kwa jambo hilo, lakini msimamizi wa pensheni akiiandikia, mkurugenzi huyo anatakiwa kumjibu na kumweleza kuwa yeye si mwajiri, na akiajiri baadaye wajibu unamwangukia.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu nataka msingi wa msamaha huo uonekane. Nchi hizo zilipomsamehe mwenye biashara aliye peke yake ziliangalia nani anafanya uamuzi na nani unamfika, zikaona kuwa ni mtu yule yule. Udogo wa biashara yake haukuwa sababu, wala udogo wa fedha zake, wala dhana kwamba mtu anayejitegemea ni mjanja anayeweza kujitafutia habari mwenyewe. Basi tuchukue kipimo hicho hicho tukitumie hapa kwetu.

Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, ulianzishwa kwa Sheria namba 2 ya mwaka 1998 kwa ajili ya watu wenye waajiri, na leo una skimu ya hiari kwa wale waliojiajiri wenyewe. Hilo ni jambo jema na ninawahimiza wateja wangu wajiunge. Fundi cherehani wa Machomanne, mwenye duka la vyakula Konde, mwanamke anayelima mwani na kuukausha mwenyewe, nahodha mwenye chombo kimoja Wete, wote hawa hawana mwajiri wa kuwachangia, na wanapozeeka kinachowangoja ni watoto wao pamoja na pensheni jamii ambayo Serikali ilianza kuilipa Aprili 2016 kwa wazee waliofikia miaka 70, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo. Kiwango hicho kimeongezwa baadaye, na tunashukuru, lakini mtu aliyefanya biashara miaka thelathini anataka kuwa na chake mwenyewe, na anataka kukipata kabla ya kufika miaka sabini.

Mtu huyo anapojiunga na skimu ya hiari, hakuandika yeye masharti ya skimu. Hashiki fedha. Hakai katika bodi ya wadhamini, hachagui fedha ziwekwe benki au zijengewe majumba, na siku kiwango cha chini cha mchango kitakapopandishwa, au masharti ya kutoa sehemu ya akiba yatakapobadilishwa, hatakuwamo chumbani. Yule Mmarekani ambaye amesamehewa taarifa ana mamlaka yote juu ya mpango wake. Huyu wa kwetu ana mamlaka ya kulipa au kuacha kulipa, basi. Kwa kipimo kile kile kilichomwondolea Mmarekani haki ya kuarifiwa, huyu wa kwetu anastahiki kuarifiwa kikamilifu. Tena anastahiki zaidi kuliko mwajiriwa, kwa kuwa mwajiriwa ana ofisi inayopokea barua kwa niaba yake, ana mhasibu anayeona makato kwenye orodha ya mishahara, ana wenzake wa kuulizana nao wakati wa chai, na pengine ana chama cha wafanyakazi. Mwenye banda lake sokoni ana simu yake ya mkononi na risiti alizozihifadhi katika mfuko wa nailoni.

Kwa hiyo ninachokiomba ni kwamba haki ya taarifa ya mwanachama wa hiari iandikwe waziwazi, pamoja na muda wake na namna yake, na isiachwe iwe ni hisani ya ofisa aliyepo zamu.

Kuhusu muda, taarifa ya badiliko lolote linalompunguzia mtu alichokuwa akikitegemea itangulie badiliko, na itangulie kwa muda wa kutosha. Siku 15 wanazotumia Wamarekani kwa mipango midogo hazitoshi hapa, na siku 45 nazo ni finyu kwa sehemu kubwa ya watu ninaowahudumia. Kipato cha Pemba hakiji mwezi kwa mwezi. Mwenye duka la Mtambile au Mkoani anauza kwa mkopo kwa miezi kadhaa, kisha analipwa karafuu zikianza kuchumwa na kuanikwa, na anayechangia pensheni yake huchangia kwa mkupuo wakati huo kisha akakaa kimya mpaka msimu mwingine. Ukimwambia leo kuwa kuanzia mwezi ujao asiyechangia kwa miezi mitatu mfululizo atahesabiwa amesitisha uanachama, umemtoa bila ya kumpa nafasi ya kujitetea. Mimi ningependekeza siku 90 kwa badiliko lolote la namna hiyo, na ningependekeza pia masharti yenyewe ya kusitisha uanachama yawe yanahesabu mwaka mzima badala ya miezi.

Kuhusu namna, tangazo la redio na bango katika mlango wa ofisi ni vitu vizuri vya kuwaita watu, lakini haviwezi kuhesabiwa kuwa mwanachama ameshaarifiwa. Taarifa inayobadilisha haki ya mtu inatakiwa imfikie mtu mwenyewe, kwa jina lake na nambari yake ya uanachama, na imweleze kwa shilingi kile kitakachobadilika katika akiba yake yeye. Ujumbe wa simu ni njia rahisi na watu wengi wanaufurahia, isipokuwa watu wetu hubadilisha laini mara kwa mara, na laini iliyoachwa huweza kupewa mtu mwingine. Nimeona daftari la mteja ambaye nambari aliyojiandikishia ilikuwa ya kijana wake, na kijana mwenyewe alikwisha hamia Dar es Salaam. Fomu ya kujiunga iwe na nafasi mbili za mawasiliano, ya mwanachama na ya mtu mmoja anayemwamini, na ujumbe usiojibiwa ufuatiliwe kwa barua inayopelekwa kupitia kwa sheha. Kila shehia ina sheha, na sheha anawajua watu wake kwa majina na kwa nyumba, anajua nani amehama na nani amefariki, kwa hiyo hakuna anwani ya posta inayoweza kushindana naye katika visiwa hivi. Bahasha ifungwe, kwa kuwa akiba ya mtu ni siri yake, na sheha atie sahihi ya kuipokea na mwanachama atie sahihi ya kukabidhiwa.

Lugha nayo iangaliwe. Taarifa nyingi za fedha zinazonipitia mikononi zimeandikwa kwa Kiswahili ambacho mwandishi wake alikuwa akifikiri kwa lugha nyingine, na msomaji hujikuta anamaliza ukurasa bila ya kujua kama ameongezewa au amepunguziwa. Sentensi moja ya mwanzo ingetosha kumwambia: ulikuwa unatarajiwa kupata hiki, sasa utapata hiki, kuanzia tarehe hii, na ukipinga uende mahali hapa.

Lipo jambo jengine ambalo kwa wateja wangu lina uzito kuliko hata kiwango cha mchango, nalo ni mahali fedha zinapowekezwa. Majengo ya Mfuko ya Michenzani na Mbweni kila mtu anayaona, na mtu akiyaona huelewa kuwa fedha zake zimegeuka kodi ya maduka na nyumba. Sehemu isiyoonekana ndiyo inayowatia watu wasiwasi, na mara nyingi nimeulizwa na wanachama, wanaume kwa wanawake, kama ndani ya faida wanayotangaziwa mna riba. Mwanachama wa hiari ana haki ya kulijua hilo kabla ya kuingia na ana haki ya kuarifiwa kila mwaka, kwa asilimia, fedha zimekaa wapi. Asiyepewa jibu hulitafuta barazani, na jibu la barazani mara nyingi humfanya aache kuchangia kabisa.

Sasa niseme juu ya warithi, na hapa naomba wasomaji wanivumilie kwa sababu ndipo ninapoona machozi. Mtu anayefanya biashara peke yake huwa na siri zake za fedha, na wengi wao, kwa khofu ya kuombwa au kwa mazoea tu, hawawaambii watu wa nyumbani kuwa wana akiba mahali. Anapofariki, karatasi zinachanganyika na risiti za mafuta ya taa na bili za umeme, na zinachomwa. Mwajiriwa akifariki ofisi yake hujua na huanza kuulizia haki zake. Mwenye biashara akifariki mlango wa duka hufungwa, basi. Hili haliwezi kurekebishwa kwa taarifa anazopelekewa marehemu. Ninapendekeza kuwa mwanachama wa hiari asiyechangia wala kujibu kwa miaka miwili aulizwe kwa sheha wake, na ikithibitika amefariki, Mfuko wenyewe ndio uwatafute warithi na kuwaarifu kwa maandishi, badala ya kungoja waje.

Pia taarifa ieleze tangu mwanzo maana ya jina linaloandikwa katika nafasi ya mnufaika. Sisi ni Waislamu kwa wingi wetu, mirathi yetu ina mafungu yanayojulikana, na wapo watu wenye wake zaidi ya mmoja, na wapo waliomwandika ndugu miaka kumi kabla ya kuoa. Mwanachama anatakiwa ajue, siku anayotia sahihi, kama mtu aliyemwandika atapokea fedha zile ziwe zake au atazipokea kwa niaba ya warithi wote zikagawiwe kisharia. Bila ya maelezo hayo mzigo unakwenda kwa kadhi na kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na familia inavunjika kwa fedha ambazo marehemu aliziweka ili iwe salama. Aidha, mke na aarifiwe. Sisemi tuige sahihi ya Kimarekani moja kwa moja, maana mali ya mume na mali ya mke katika dini yetu kila moja ina mwenyewe, lakini mwanamke aliyekaa dukani nusu ya siku kwa miaka mingi bila ya mshahara ana haki angalau ya kujua kuwa akiba ile ipo na iko wapi. Mwenye biashara akitaka kuitoa yote kwa mkupuo, muda mfupi wa kungoja pamoja na barua inayofika nyumbani havitamzuia kutumia mali yake, na vitamwezesha mke kuuliza mapema.

Nimeambiwa kuwa yote haya ni gharama, na kuwa gharama hizo hatimaye zinatoka katika akiba za wanachama wenyewe. Ni kweli zinatoka humo. Lakini barua moja kwa mwaka na ujumbe wa simu mara nne si mzigo wa kuutikisa mfuko, na mwanachama anayepata hesabu yake mara kwa mara huona makosa mapema, mchango ulioingia kwa jina la mtu mwingine au mwezi uliorukwa, wakati ambapo kurekebisha ni kazi ya karani mmoja wa siku moja. Likikaa miaka kumi na tano inakuwa kesi. Wapo pia wanaosema watu hawasomi. Katika ofisi yangu ndogo wanakuja watu wasiojua kusoma wakiwa wameshika karatasi iliyokunjwa, wanataka wasomewe, na wanaulizia kila tarakimu. Mtu anayejinyima shilingi elfu kumi kila wiki hawezi kukosa hamu ya kujua zimefika wapi.

Nimalizie kwa wajibu wa mwenye biashara mwenyewe, kwa kuwa haki hii ina upande wa pili ambao wateja wangu hawapendi kuusikia. Mtu huanza peke yake, biashara ikakua, akamleta mtoto wa dada yake kutoka shamba amsaidie. Mwanzo kijana anapewa chakula na nguo za sikukuu, kisha anapewa posho, kisha posho inakuwa ya kila mwezi, naye ndiye anayefungua duka asubuhi na kulifunga usiku. Mjomba bado anajihesabu kuwa yuko peke yake. Hayuko peke yake tena. Ameshakuwa mwajiri, na kijana yule ni mfanyakazi mwenye haki ya kuandikishwa na kuchangiwa katika hifadhi ya jamii, sawa na mfanyakazi wa hoteli ya Nungwi au karani wa Serikali. Undugu hauondoi haki hiyo, na mimi naona unaizidisha, maana kijana wa mtu baki angekwisha kuidai. Hapo mwenye biashara anadaiwa taarifa mbili: kuujulisha Mfuko kuwa hali yake imebadilika, na kumkalisha kijana chini amweleze kwa maandishi mshahara wake ni kiasi gani, anakatwa nini, na yeye mwajiri anamchangia nini.

Kwa upande wa Mfuko, jambo hilo linaweza kurahisishwa kwa kitu kidogo. Katika barua ya hesabu ya kila mwaka anayopelekewa mwanachama wa hiari, iongezwe sehemu ya chini inayokatwa na kurudishwa, yenye swali moja, «Je, mwaka huu yupo mtu uliyemlipa kwa kazi katika biashara yako?», na nafasi ya kuandika jina lake, tarehe aliyoanza na nambari ya simu ya mtu huyo mwenyewe, ili taarifa ya kwanza ya hifadhi yake imfikie yeye moja kwa moja bila ya kupitia kwa mjomba.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtunza hesabu za wafanyabiashara wadogo,
Chake Chake, Pemba